Kwa nini Wamagharibi walioacha Ukristo hawamwachi Yesu?

Mwongozaji wa Kibirizi (Kigoma)

Wanajamvi, salaam. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokwenda Gombe kutazama sokwe, na kwa kuwa tunasafiri pamoja kwa boti kutoka Kibirizi na kulala kambi moja, hupata muda mrefu wa kuzungumza nao mambo yasiyohusu wanyama. Kuna jambo moja ambalo limenisumbua kwa misimu kadhaa, nami naomba wenye elimu wanifafanulie.

Wageni wengi kutoka Marekani na Ulaya huniambia kwamba hawana dini. Hawasali, watoto wao hawakubatizwa, na Jumapili kwao ni siku ya mapumziko tu. Hata hivyo, hao hao humtaja Yesu kwa mapenzi makubwa. Hivi karibuni mama mmoja wa makamo alitandika kitambaa ufukweni jioni, akapanga juu yake sanamu ndogo ya Buddha, vijiwe vya kung'aa, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, ile ile ambayo bibi yangu ameitundika sebuleni, kisha akawasha udi na kukaa kimya akitazama maji mpaka giza likaingia. Nilipomuuliza kama ni Mkatoliki, alinijibu kwa upole kwamba aliacha kanisa akiwa msichana, kwamba anaamini roho huzaliwa tena katika mwili mwingine, na kwamba Yesu kwake ni mwalimu aliyeifikia nuru kama Buddha alivyoifikia, wala si Mungu, wala hakufa kwa ajili ya dhambi za mtu yeyote.

Sikukasirika, bali nilishangaa. Kwetu mtu akibadili dini, jamaa zake wanajua ametoka wapi na ameingia wapi. Huyu ametoka, lakini picha ameibeba. Kwa nini mtu anayekataa karibu yote ambayo Wakristo wanayasema kuhusu Yesu aone bado anamhitaji? Kwa nini asimfuate Buddha peke yake, au asiyaache yote?

Mwalimu wa Historia (Tabora)

Ndugu mleta mada, swali lako ni zito na linastahili jibu refu, kwa hiyo naomba univumilie.

Watu wa aina ya mgeni wako, kwa sehemu kubwa, wamegombana na kanisa kuliko walivyogombana na Yesu. Kwa karne nyingi huko Ulaya kanisa lilikuwa na ardhi, mahakama, shule na sauti katika serikali, kiasi kwamba kumpinga askofu kulikaribia kuwa sawa na kumpinga mfalme. Waliochoka na mamlaka hayo walitafuta namna ya kujitoa bila kumkana yule waliyefundishwa tangu utotoni kuwa ndiye kipimo cha wema. Mfano ulio wazi ni Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ambaye mnamo mwaka 1820 alikamilisha kitabu alichokitengeneza kwa kukata aya za Injili na kuzibandika upya kwenye kurasa tupu. Mafundisho na mifano aliibakiza, miujiza akaiondoa, na masimulizi yake yanaishia pale Yesu anapozikwa na jiwe kuvingirishwa mlangoni mwa kaburi. Kitabu hicho hakikuchapishwa akiwa hai, lakini kinaonyesha fikra iliyokuwa ikikomaa, kwamba mtu mmoja, akiwa peke yake mezani kwake, ana haki ya kuamua ni Yesu yupi wa kweli.

Karne ya 19 iliipa fikra hiyo nguvu mpya kutoka pande mbili. Upande mmoja wasomi wa Ulaya wenyewe, kama David Friedrich Strauss mwaka 1835 na Ernest Renan mwaka 1863, waliandika maisha ya Yesu kwa jicho la mwanahistoria, wakiiweka kando miujiza au kuieleza kwa namna nyingine. Upande wa pili ukoloni uliwakutanisha Wazungu na maandiko ya India, ambayo yalianza kutafsiriwa kwa wingi. Mwaka 1875 Helena Blavatsky na Henry Steel Olcott walianzisha Chama cha Kitheosofia mjini New York, wakifundisha kwamba dini zote zina hekima moja iliyofichika, na waliofuata njia hiyo wakazoea kumtaja Yesu miongoni mwa walimu wakuu wa hekima hiyo. Mwaka 1893 Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu kutoka India, alihutubia Bunge la Dini za Ulimwengu huko Chicago na kupokewa kwa shangwe.

Sasa fikiria hali ya Mmarekani wa wakati huo aliyevutiwa na karma (imani kwamba matendo ya mtu humrudia, hata katika maisha yajayo) na taamuli (kutulia kimya na kutafakari). Mafundisho hayo yalimgusa, lakini yalikuwa mageni, na jirani zake wangemwona amepotea. Alihitaji mtu wa kwao wa kumdhaminia, kama vile mtu anayekwenda kukopa SACCOS anavyotakiwa kuja na mdhamini anayefahamika. Mdhamini huyo hakuweza kuwa mwingine ila Yesu.

Kisa kinachonifanya niamini maelezo haya ni cha Nicolas Notovitch, Mrusi aliyechapisha kitabu kwa Kifaransa mwaka 1894. Alidai kwamba alivunjika mguu akiwa Ladakh, kaskazini mwa India, akauguzwa katika monasteri ya Kibudha ya Hemis, na hapo akasomewa maandiko ya kale yanayosema kwamba Yesu, kabla ya kuanza kuhubiri, alikwenda India kujifunza kwa Wabrahmani, yaani makuhani wa Kihindu, na kwa Wabudha. Injili ya Luka inamwonyesha Yesu hekaluni akiwa na miaka 12, kisha inamrudisha kwetu akiwa na miaka kama 30, na pengo hilo ndilo Notovitch alilolijaza. Mwaka huo huo msomi mkubwa wa maandiko ya India, Max Müller, alikitilia shaka kitabu hicho. Mwaka uliofuata J. Archibald Douglas, aliyekuwa akifundisha chuoni Agra, alifunga safari hadi Hemis, na mkuu wa monasteri akamwambia kwamba hakuwahi kumpokea mgeni wa namna hiyo wala hayajui maandiko hayo. Ungetegemea kisa kife hapo, lakini hakikufa. Mwaka 1908 Mmarekani Levi Dowling alitoa kitabu chake kinachompeleka Yesu India, Tibet, Uajemi, Ugiriki na Misri, na hadi leo utakutana na wageni wanaokueleza kwa uhakika kwamba Yesu alisomea India. Simulizi hilo linaendelea kuishi kwa sababu linampa msikilizaji kitu anachokitamani sana, yaani ruhusa ya kupokea mafundisho ya mbali bila kumwacha mtu wa nyumbani.

Naongeza kwamba hata walimu kutoka India walilielewa hitaji hilo, ingawa mapenzi yao kwa Yesu sina sababu ya kuyatilia shaka. Paramahansa Yogananda alifika Boston mwaka 1920, na katika madhabahu za jumuiya aliyoianzisha picha ya Yesu imewekwa pamoja na ya Krishna, mungu wa Wahindu. Mmarekani akiingia humo anakutana kwanza na uso anaoujua.

Mwana wa Ujiji

Assalaam alaykum. Mwalimu, shukrani kwa darasa. Mimi ni Mwislamu, na ninaona ni wajibu niweke jambo moja sawa kabla wasomaji hawajachanganya.

Mtu anaweza kusema kwamba hata sisi tunaye Yesu ndani ya imani isiyo ya Kikristo. Ni kweli kwamba tunamwamini Nabii Isa, amani iwe juu yake, kwamba alizaliwa na Bikira Mariamu, ambaye sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, na kwamba alifanya miujiza kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo hatukumchukua kwa kuvutiwa naye. Tumeamrishwa kumwamini, na anayemkana Isa ametoka katika Uislamu. Mipaka yetu pia iko wazi: tunakataa kwamba ni mwana wa Mungu, na aya ya 157 ya sura ya nne inakataa kwamba walimsulubu. Mkristo hakubaliani nasi, lakini anajua tunasema nini na tunakisema kwa mamlaka ya kitabu gani. Mgeni wa ndugu mleta mada, kwa maelezo niliyoyasoma, hana kitabu wala mwalimu anayeweza kumwambia kwamba amekosea, na hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa.

Kuhusu India, msomaji ajue kwamba habari za Isa kwenda huko hazikutoka kwa Notovitch peke yake. Mirza Ghulam Ahmad, mwanzilishi wa jumuiya ya Ahmadiyya huko India, alifundisha mwishoni mwa karne hiyo ya 19 kwamba Isa alinusurika msalabani, akasafiri mpaka Kashmir, akafa kifo cha kawaida, na kwamba kaburi lake ni lile la Roza Bal mjini Srinagar. Waislamu walio wengi, mimi nikiwemo, hatuyakubali mafundisho hayo. Ninayataja kwa sababu lengo lake lilikuwa tofauti kabisa na la Wamagharibi: yeye alikuwa akijibu wamisionari, ilhali wao wanatafuta mahali pa kupumzisha nafsi zao.

Muuguzi wa Kasulu

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa wote. Nimefanya kazi ya kuuguza wazee nchini Ujerumani kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na ningependa tuwazungumzie watu hawa kwa huruma zaidi kidogo.

Kule kujitoa kanisani ni tendo la kisheria. Serikali hukusanya kodi ya kanisa kutoka kwa waumini waliosajiliwa, kiasi cha asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato, na anayetaka kuacha huenda ofisi ya serikali akatia saini. Mwaka 2022 pekee zaidi ya watu 520,000 walijiondoa katika Kanisa Katoliki la nchi hiyo, na mwanzoni mwa mwaka huo huo ilikuwa imetolewa ripoti nzito kuhusu watoto walionajisiwa katika jimbo kuu la Munich. Nimewauguza akina mama waliotia saini hiyo huku wakilia. Mmoja alikuwa na rozari chini ya mto wake mpaka siku ya mwisho, na kwenye rafu juu ya kitanda chake palikuwa na vitabu vya taamuli ya Kibudha vilivyochakaa kwa kusomwa. Alikuwa ameondoka mahali alipoumizwa, akabaki na yule ambaye hakumuumiza. Ningeona vigumu kumwambia kwamba hana haki naye.

Tena tusijifanye kwamba kuchanganya ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa kwetu Kigoma mtu anaamka misa ya kwanza, na jioni anakwenda kwa mganga ambaye ana msalaba ukutani, anasoma Zaburi, kisha anataja mizimu. Jirani yake Mwislamu anakunywa kombe, na wapo Wakristo wanaolinywa pia. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu mtu huchanganya akiwa na shida mkononi, kama mtoto mgonjwa au kazi iliyopotea, naye hujua kwamba padri akisikia atamkemea. Kule mtu huchanganya akitafuta maana ya maisha yake, na hakuna anayemkemea.

Mwongozaji wa Kibirizi (Kigoma)

Nashukuru sana, na maneno ya dada Muuguzi yamenigusa. Basi naomba niulize la pili: kuna hasara gani, ikiwa mtu anapata utulivu na hamdhuru yeyote? Na mgeni akianza mazungumzo hayo, nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Mwalimu wa Historia (Tabora)

Marahaba, binti yangu Muuguzi. Nakubali kwamba majeraha ni ya kweli, na maelezo yangu yangekuwa na upungufu bila hilo ulilolisema.

Kuhusu hasara, nitasema ninavyoamini. Jefferson alipokata Injili aliondoa miujiza akabakiza amri: mpende adui yako, usihukumu, gawa ulicho nacho. Wanaomchanganya Yesu leo mara nyingi hufanya kinyume chake. Wanabakiza mwanga, uponyaji na miujiza, na amri ndizo zinazoachwa. Mfano ni maandiko ambayo Helen Schucman, mwanasaikolojia wa New York, alianza kuyaandika mwaka 1965 akisema anasikia sauti ya ndani, na ambayo yalichapishwa mwaka 1976. Wasomaji wake wanaamini sauti hiyo ni ya Yesu. Humo dhambi ni kosa la fikra tu, ulimwengu huu ni kama ndoto, na msalaba si sadaka. Mtu mwenye majonzi anaweza kufarijika kwa kuyasoma. Lakini ikiwa ulimwengu ni ndoto, sijui njaa ya jirani yangu iwekwe wapi, kwa maana Yesu wa Injili aliiona kuwa njaa kweli.

Wala usidhani jambo hili liko nje ya makanisa tu. Kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha mwaka 2018 kwamba asilimia 29 ya Wakristo wa Marekani wanaamini roho huzaliwa tena katika mwili mwingine. Kwa hiyo mgeni wako hayuko mbali sana na waliobaki kwenye viti vya kanisa.

Hasara ninayoiona mimi ni kwamba Yesu aliyepangwa na mtu mwenyewe hawezi kumpinga mtu huyo. Atakubaliana naye kila siku. Ndugu yetu wa Ujiji amelisema kwa njia yake, na katika hilo Mwislamu na Mkristo wako karibu kuliko wanavyodhani: wote wawili wanamsikiliza mtu ambaye anaweza kuwaambia hapana.

Namna ya kumjibu mgeni, nisingekushauri ubishane naye kuhusu India wala kuzaliwa tena. Muulize ni neno gani la Yesu linalomwia gumu. Kama hajasoma Injili tangu utoto, na wengi hawajasoma, mwombe asome Mathayo sura ya 25 kuanzia aya ya 31, nawe uisome upande wako kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aseme lilipomgusa. Ni aya chache, na safari ya kurudi Kibirizi kwa boti inatosha kabisa kuzisoma na kuzizungumza.