Mapenzi ya wanamuziki wawili wa kantri: yamwachishe kijana pombe?

Mwalimu Kamalondo: Sura 3 za hadithi kwa vijana wetu wa Lubumbashi mmezisoma. Mvulana na msichana, waimbaji wa kantri kule Nashville, Marekani. Mvulana mlevi, msichana amefiwa na baba. Wanapendana, mvulana anaacha pombe. Ni haki kuwapa watoto wa miaka 15 mwisho kama huo?

Katuba Moja: Hapana. Waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette walioana 1969, wakaachana 1975, chupa iko palepale. Tena mlevi wa kila siku akikata pombe ghafla, siku mbili tatu za kwanza mikono inatetemeka, hata kifafa kinaweza kumshika. Huyo anataka munganga, si busu.

Mama Rwashi: Umechagua wanaokufaa. Johnny Cash, naye wa kantri, alimwoa mwimbaji mwenzake June Carter 1968, na kilichowatenganisha ni kifo, 2003.

Katuba Moja: Mama, 1983 Cash alilazwa kutibiwa uraibu. Mke yupo, vidonge vipo. Halafu ile sura ya 3: uzi wa gitaa unakatika katikati ya wimbo, msichana anaweka mwingine kabla ya kiitikio! Hata mpiga karindula asingeandika upuuzi huo.

Kenya Chini: "Hata"? Karindula imekukosea nini? Ni banjo yetu kubwa: pipa, ngozi ya mbuzi, nyuzi 4. Njoo uipige wakati wa mvua. Ngozi inanyonya unyevu, inalegea, sauti inazama. Unaisogeza kwenye moto polepole, ukiharakisha, inapasuka. Wa Nashville wanajua hiyo?

Katuba Moja: Papa, nasema gitaa. Unalegeza ufunguo wa kukazia uzi, unang'oa kijiti kinachoushika kwenye daraja, unaingiza uzi mpya, unarudisha kijiti, unazungusha mara 2 au 3, unalinganisha sauti, unauvuta kwa vidole, unalinganisha tena. Usipouvuta, unashuka kila ukiupiga.

Kenya Chini: Basi amalizie na nyuzi 5. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu wa Katanga, alipiga kwa dole gumba na kidole kimoja tu, dunia ikasikiliza.

Mama Rwashi: Vidole viwili, lakini nyuzi zote 6! Kidole cha shahada kinabeba melodi juu. Toa uzi wa kwanza uone kama dole gumba halitabaki na besi peke yake.

Mwalimu Kamalondo: Jamani, na pombe?

Kenya Chini: Kwanza yule wa Katuba aifute ile "hata".