Mjadala: Panya wachanga wanatosha kutupangia kiwango cha sumu kwenye chakula cha watoto?

Mtoa mada:
Wadau, tulijadili hili bila jazba. Tangu 1996 sheria ya Marekani inataka viwango vya mabaki ya viuatilifu kwenye chakula viongezewe kinga ya mara kumi kwa ajili ya watoto (yaani kiwango kinachoruhusiwa kigawanywe tena kwa kumi), isipokuwa kuwe na takwimu za kuaminika kwamba kinga ndogo zaidi inatosha. Hiyo ni juu ya kinga ya kawaida ya mara mia. Wanaoitetea hukimbilia panya wachanga wa maabara. Je, panya hao wanasema hivyo kweli?

Chukua deltamethrini, dawa ya kuua wadudu: panya wa siku 11, dozi inayoua nusu yao ni kama miligramu 5 kwa kilo ya uzito. Mkubwa ni 81. Inatisha. Sasa njoo kwenye DDT, dawa nyingine ya wadudu: panya aliyezaliwa tu huvumilia zaidi ya miligramu 4,000, mkubwa huangushwa na 195 hivi! Kwa hiyo uchanga wenyewe hautuambii kitu mpaka utaje sumu. Kila sumu ipimwe kivyake. Hiyo kumi ya jumla ni uvivu. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, DDT umeichomoa makusudi. Zungumzia klopirifosi, nayo ni dawa ya wadudu. Ini huigeuza kuwa oksoni, umbo lake lenye sumu kali zaidi, nayo hukaba kolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Zisipozimwa, mate yanachuruzika, misuli inatetemeka, pumzi inakata. Panya mkubwa ana vimeng'enya vya kuivunja oksoni kabla haijafika ubongoni. Mchanga anavyo kidogo mno, ndiyo maana panya wa siku 17 hulemewa na kama moja ya tano ya dozi ya mkubwa. Na kimojawapo, paraoksonasi, kiko chini hata kwa mtoto wa binadamu anapozaliwa. Ukisema tupime kwanza sumu moja moja, mtoto atakuwa anakula nini wakati sisi tunapima?

Mtoa mada:
Chakula hichohicho, ila angalia unakotupeleka. Methamidofosi ni ya ukoo uleule wa klopirifosi, lakini haihitaji ini kuiamsha wala haivunjwi na vimeng'enya hivyo. Matokeo yake, mchanga na mkubwa wanadhurika karibu sawa. Hapo kumi ni ya nini? Na deltamethrini imeshapita kumi: 81 kwa 5, tofauti ya mchanga na mkubwa ni kama mara 16! Namba yenu inazidi huku, inapungua kule.

Mchangiaji wa pili:
Samahani wakuu, wote mnabishania dozi za kuua. Nani anakula miligramu 5 kwa kilo? Dozi ikiwa ndogo, hata vimeng'enya vichache vya mchanga vinaimudu, na pengo la umri hupungua. Hiyo 16 ni ya pale mfumo ulipokwisha kuzidiwa.

Ila msishangilie mapema. Mtoto anaweza asitetemeke wala kutokwa mate, na bado ubongo unaojengwa ukaguswa. Kuna majaribio ambapo watoto wa panya waliopewa klopirifosi kidogo, bila dalili yoyote ya sumu, walikuja kuonyesha tofauti za kujifunza ukubwani. Kuhesabu mizoga hakuwezi kukuonyesha hilo.

Mchangiaji wa kwanza:
Sasa hapo ndipo ninapoing'ang'ania kumi. Kipimo cha mizoga kikiwa hakioni ubongo, Mtoa mada, utaipunguza kinga kwa takwimu zipi?