Nani hasa mwenye sauti juu ya shule ya serikali, na pesa zake hupitia wapi?

MamaHalima_Busia

Salaam wote. Wazazi wamenichagua niwe mwakilishi wao kwenye kamati ya usimamizi wa shule ya msingi ya serikali hapa kwetu Busia, upande wa Uganda. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana wanangu wanasoma hapo, na nataka kazi hii niifanye ipasavyo. Lakini kila nikiuliza jambo naelekezwa kwa mtu mwingine.

Choo cha wavulana kimetitia tangu mvua kubwa zilipopiga. Mwalimu mkuu anasema ujenzi wa choo ni kazi ya wilaya. Nilipofika wilayani nikaambiwa kamati ndiyo inayopaswa kupanga. Diwani wetu akasema tungoje mwaka wa fedha ujao. Kanisa lililoanzisha shule nalo linasema ardhi ni yake, hakuna kuchimba shimo bila lenyewe kujua. Wavulana sasa wanakwenda nyuma ya miembe ya jirani, na jirani keshachoka.

Naombeni mnieleze polepole. Nani anaamua? Mwalimu akikosa darasani wiki nzima, sisi kamati tuna uwezo wa kumwondoa? Pesa ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, inatumwa kwa nani, na inatakiwa kufanya nini? Dada yangu aliyeolewa ng'ambo, Kenya, ananisimulia mambo tofauti kabisa.

OtienoMalaba

Dada yako hakudanganyi, mama. Kwao Kenya walimu wa shule za serikali wanaajiriwa na tume moja ya taifa, TSC, na madarasa mengi hujengwa kwa pesa za mfuko wa jimbo la uchaguzi, CDF. Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi kule imewekwa shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka. Kwetu elimu ya msingi ilikabidhiwa serikali za wilaya kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Kwa hiyo usifuate njia ya dada yako, utapotea. Ngoja Mwalimu Mstaafu aingie, yeye amekaa ndani ya mambo haya.

MwalimuMstaafu

Mama Halima, hongera kwa kuaminiwa, na pole kwa kuzungushwa. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi katika shule za vijijini mashariki hapa, na hicho unachokiona nimekiona kwa wazazi wengi. Wengi walikata tamaa. Wewe usikate.

Kwanza niulize: shule yenu iko ndani ya Manispaa ya Busia au nje yake, kwenye kaunti ndogo za wilaya? Ukikosea hapa utaandika barua kwa ofisi isiyohusika. Manispaa ina idara yake ya elimu, na mwenye dhamana ya pesa zake ni karani wa mji. Nje ya manispaa, mwenye dhamana ni CAO, yule mtendaji mkuu wa wilaya, na chini yake yuko Afisa Elimu wa Wilaya pamoja na wakaguzi wake. CAO hachaguliwi na wananchi wala haajiriwi na baraza la wilaya. Tangu katiba irekebishwe mwaka 2005 anateuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma kule Kampala. Madiwani wa LC5, yaani baraza la wilaya, wanapitisha bajeti na wana kamati yao ya kusimamia elimu, lakini sahihi inayotoa pesa si yao. Diwani anayekuahidi choo mnadani anakuahidi kitu ambacho peke yake hawezi kukitoa.

Sasa walimu. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anaajiriwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, na mshahara wake unatoka serikali kuu. Kamati haiwezi kumfukuza. Msije mkamfungia mtu geti. Mtaingia matatani nyinyi na yeye atabaki kazini. Kinachowezekana, na kinafanya kazi mkikifuata kwa maandishi, ni hiki: daftari la mahudhurio lionyeshe siku alizokosa, mwalimu mkuu amwandikie onyo, kamati iandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba jambo limeletwa mbele yake, kisha nakala zipelekwe kwa Afisa Elimu. Kutoka hapo CAO ndiye anayelifikisha kwenye tume. Nimeona kesi zikifa kwa sababu moja tu, kwamba hapakuwa na karatasi. Watu walilalamika kwa midomo mwaka mzima, na tume haisomi midomo.

Kuhusu kanisa. Shule nyingi unazoziona leo zikiitwa za serikali zilianzishwa na Wakatoliki, Kanisa la Uganda au Waislamu. Serikali ilichukua usimamizi wake baada ya Uhuru, kwa sheria ya 1963, lakini ardhi mara nyingi ilibaki mikononi mwa waanzilishi. Ndiyo maana Sheria ya Elimu ya 2008 inawapa waanzilishi viti vingi katika kamati pamoja na mwenyekiti, halafu inaongeza wawakilishi wa wazazi, walimu, waliosoma hapo zamani, na serikali ya mtaa. Mwalimu mkuu ni katibu. Kwa hiyo kanisa si mpinzani wako. Liko ndani ya kamati hiyohiyo, limekaa kwenye kiti cha mbele. Mwombe mwenyekiti aitishe kikao, ombi la choo lipitishwe hapo, na kanisa litoe idhini ya eneo kwa maandishi kikao hichohicho. Idhini ikiwa mkononi, wilaya haitapata pa kukuzungushia.

Nikifika kwenye pesa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wazazi wananyamazishwa kirahisi.

UPE ilipoanza Januari 1997, watoto wanne wa kila familia walisomeshwa bila ada, na baadaye mlango ukafunguliwa kwa wote. Mwaka mmoja tu, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 3.1 hadi milioni 5.3. Badala ya ada, serikali ilianza kulipa ruzuku: shilingi 5,000 za Uganda kwa mwaka kwa mtoto wa P1 hadi P3 (darasa la kwanza hadi la tatu), na 8,100 kwa wa P4 hadi P7. Imepanda taratibu, na miaka ya karibuni imekuwa karibu 20,000. Chukua shule ya watoto 600, hiyo ni kama milioni 12 kwa mwaka, milioni 4 kwa muhula. Mwongozo wa wizara tuliofanya nao kazi uligawa hivi: asilimia 35 vifaa vya kufundishia, 20 michezo na shughuli za nje ya darasa, 15 uendeshaji wa shule, 10 utawala, na 20 inayobaki kwa dharura. Piga hesabu mwenyewe. Vifaa vya kufundishia ni kama shilingi 2,300 kwa mtoto kwa muhula. Chaki, manila, karatasi za mitihani, vyote humo. Choo cha matofali hakijengwi kwa pesa hii, na mwalimu mkuu wako hakukosea alipokuambia hivyo. Choo na madarasa vina ruzuku ya ujenzi inayopita wilayani, na wilaya ndiyo inayotangaza zabuni.

Lakini hiyo ndogo inayofika ni haki ya watoto, na ina historia ambayo kila mzazi Uganda angepaswa kuijua. Watafiti wa Benki ya Dunia, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995 katika shule zipatazo 250. Kwa wastani shule zilipata asilimia 13 ya kile serikali kuu ilichotoa. Kumi na tatu! Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Na wazazi wakati ule ndio waliokuwa wakibeba shule migongoni mwao. Baadaye Wizara ya Fedha ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ukutani kiasi kilichopokewa. Kufikia mwaka 2001 kilichokuwa kinafika kilikuwa karibu asilimia 80. Siku hizi pesa zinatoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule, hazilali tena wilayani.

Kwa hiyo, mama, swali lako la kwanza kwenye kikao liwe la ubao wa matangazo. Muhula huu tumepokea shilingi ngapi, tarehe gani, kwa idadi gani ya watoto, na zimetumikaje? Idadi ni muhimu sana, maana ruzuku inafuata takwimu zilizopelekwa wizarani. Shule yenye watoto 700 iliyoandikwa 560 inawanyima 140 kila muhula. Na iliyoandikwa 900 ina jambo jingine la kueleza.

KaraniWaHesabu

Nafanya kazi ya hesabu katika serikali ya mtaa, si Busia. Naongezea pale Mwalimu alipoishia, kuhusu kwa nini wilaya inasema haina kitu.

Haisingizii. Kodi ya kichwa ilisimamishwa mwaka 2005, na pale wilaya zilipoteza chanzo chao kikubwa cha mapato. Sasa karibu kila shilingi inatoka serikali kuu, na sehemu kubwa inakuja ikiwa imeshaandikwa kazi yake. Pesa ya mishahara ya walimu haiwezi kugeuzwa kuwa choo hata baraza zima likipiga kura. Wilaya inachoweza kuamua ni shule ipi itangulie kwenye ruzuku ya ujenzi. Hapo ndipo penye kugombaniwa, na wanaopata ni wale ambao ombi lao liliingia mapema.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini usiende Juni. Mikutano ya bajeti ya wilaya hufanyika Oktoba na Novemba, na kabla yake mapendekezo yanatoka parishi na kaunti ndogo. Mwishoni mwa Mei bajeti inakuwa imeshapitishwa. Diwani aliyekuambia ungoje mwaka ujao, muulize: choo chetu kimo kwenye mpango wa kaunti ndogo? Niongozane nawe kwa chifu wa gombolola, yaani wa kaunti ndogo, tukaangalie ukurasa? Kama hakimo, mwaka ujao nao utapita.

Kitu kingine. Mradi ukipatikana, kamati iwepo siku mkandarasi anapokabidhiwa eneo, na ipewe michoro. Kina cha shimo kimeandikwa humo. Pima kwa kamba kabla slabu haijawekwa, kwa sababu ikishawekwa hakuna atakayejua. Sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro upite, hivyo ukiona ufa andika upesi.

MamaHalima_Busia

Mungu awabariki. Tuko nje ya manispaa, kwa hiyo ni CAO. Nimeshazungumza na mwenyekiti, na katekista amesema atalifikisha kwa paroko wiki hii.

Mwalimu, limebaki moja linaloniuma. Mkutano wa wazazi ulikubali mchango wa chakula cha mchana, posho (ugali) na maharagwe. Sasa watoto ambao wazazi wao hawajatoa wanarudishwa nyumbani asubuhi. Juzi nimemkuta binti wa P5 amekaa chini ya mti barabarani na daftari zake. Je, ni halali?

MwalimuMstaafu

Si halali, Mama Halima. Sheria ya 2008 inampa mzazi wajibu wa kumlisha mtoto wake, kumvika na kumtibu. Lakini sheria hiyohiyo inakataza shule ya UPE kutoza ada ya masomo. Michango ni ya hiari, na mtoto hazuiwi darasani kwa sababu ya mchango. Chakula ni lazima kizungumzwe, kwa maana mtoto mwenye njaa saa nane hasikii unachofundisha. Ila deni ni la mzazi. Linazungumzwa na mzazi.

Nilichofanya katika shule yangu ya mwisho ni kupokea nafaka badala ya fedha. Baada ya mavuno kila mzazi alileta mahindi na maharagwe yanapimwa mbele ya wajumbe wawili, yanaandikwa, anapewa risiti. Wajane na bibi wanaolea wajukuu kamati iliwajadili mmoja mmoja, kwa faragha, majina hayakusomwa mkutanoni. Wazazi wengi walitoa kuliko wakati wa fedha taslimu, kwa vile mwezi huo mazao yanakuwa ndani ya nyumba na fedha haipo.

Huyo binti wa P5 asingoje kikao. Nenda naye kesho asubuhi mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa upole, mweleze sheria inasemaje, na umwache mtoto darasani. Akikataa, mpigie mkaguzi wa shule wa wilaya siku hiyohiyo.

KaraniWaHesabu

Na barua ya choo ifanyeni nakala: CAO, Afisa Elimu, mwenyekiti wa LC3 (baraza la kaunti ndogo), diwani wenu, na moja ibaki kwenye faili ya kamati ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, andika jina la aliyepokea, tarehe na saa.