Fondanti inatoka jasho na kupasuka, harusi ni wiki mbili zijazo, nisaidieni

Mama_Walukuba
Habari zenu jamani. Mimi naoka keki za bathdei hapa Jinja mwaka wa tatu huu, batakrimu tu, ile krimu ya siagi na sukari, na watu wanafurahi. Sasa mtoto wa shangazi anaolewa Entebbe kasema keki ni yangu, anataka fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kuvalishwa keki, nyeupe pee, ngazi nne, na maua ya damu ya mzee yanashuka upande mmoja. Nikasema sawa, mdomo huu!

Jumamosi nikafanya ya majaribio, inchi 10. Fondanti nimetengeneza mwenyewe, jelatini, glukosi, gliserini kidogo na aisingi shuga kilo 1. Kuivalisha tu, kingo za juu zikaanza vipasuko vidogo vidogo kama goti la tembo, chini mikunjo kama sketi. Nikaziba ziba nikaitia friji usiku isije ikayeyuka. Asubuhi naitoa, haikupita dakika kumi inatoka jasho, matone kabisa, rangi ya maua ikateremka kwenye nyeupe mstari mpaka chini, mtoto wangu akauliza mama keki imeumia? Nilicheka ila moyoni nalia. Nakosea wapi?

OveniMoto
Friji ndiyo adui yako dada. Chukua chupa ya soda baridi weka mezani uone inavyolowa, keki yako ni hivyo hivyo, na sukari inakunywa maji kuliko ng'ombe. Na nyie Jinja mmekaa kati ya ziwa na mto. Fondanti iache mezani chumba kikavu, feni kwa mbali.

Kasuku_Tororo
Mimi naweka friji kila wiki na keki zangu hazilii. Siri ni boksi. Keki ndani ya katoni, ziba kwa selotepu, ukitoa usifungue mpaka baridi ya boksi iishe, masaa mawili matatu, jasho linabaki nje kwenye katoni. Wakati wa mvua hata mimi siweki lakini.

OveniMoto
Na umeme ukikatika usiku, ukarudi asubuhi? Haya.

FundiSukari
Mnabishana friji, mie nauliza chini ulipaka nini? Na uliisukuma upana gani, unene gani?

Mama_Walukuba
Batakrimu ya majarini kaka. Unene kama wa chapati hivi. Upana sikupima, kama inchi 15, ilipofika haitoshi nikaivuta vuta kwa chini. Kornflawa nilimwaga nyingi maana ilikuwa inanasa mezani.

FundiSukari
Ndiyo hapo. Hesabu ni hii, upana wa keki jumlisha urefu wa pande mbili. Inchi 10 ya kimo cha 4 ni 10+4+4, yaani 18, wewe sukuma mpaka 20 uwe na cha kukata. Ya 15 ukiivuta lazima ipasuke. Unene milimita 4 inatosha, ikizidi inajivuta yenyewe kwa uzito. Kornflawa nyunyiza tu, ukimwaga inakausha fondanti, hilo goti la tembo ndiyo linatoka hapo, bora mkononi upake mafuta mgando ya kupikia kidogo. Ukianza kuvalisha shika kingo za juu kwanza halafu shuka taratibu, mikunjo ifungue kwa kiganja kama unafungua sketi ya mtoto, usiikandamize. Ukiona kiputo cha hewa, sindano safi kwa ubavu, kisha lainisha.

Na majarini kwa joto letu inateleza chini ya fondanti. Paka ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu. Chokoleti nyeusi gramu 600 kwa krimu 300, nyeupe weka mara 3 ya krimu maana yenyewe ni laini. Acha ilale usiku igande ndo uvalishe. Maua yafanye mapema, changanya CMC, ule unga wa kuifanya fondanti ikauke ngumu, kijiko cha chai kwa robo kilo ya fondanti, yakauke siku kadhaa, uyabandike siku ya harusi, si kabla. Hiyo damu ya mzee tumia rangi ya jeli, ya maji itakulowesha tena.

Hajati_Mbale
Mwanangu samahani kuingilia, hiyo jelatini umesoma pakiti? Nyingine ni ya nguruwe. Kama kuna wakwe Waislamu uliza kabla, zipo za halali za ng'ombe.

Mama_Walukuba
Wee hajati! Upande wa bwana harusi mama mkwe ni Muislamu na yeye ndo atapigiwa magoti apewe keki nzima. Sikufikiria kabisa. Asante mama, leo leo natupa ile pakiti.

Kasuku_Tororo
Na kupeleka je? Ngazi nne zilizopandana kutoka Jinja mpaka Entebbe na matuta yote yale, utafika na pancake. Mbona harusi zetu keki zinapangwa kwenye stendi za chuma kila moja peke yake? Kodi stendi, kila keki boksi lake, weka chini kwenye gari palipo sawa, siyo kwenye kiti, AC iwake. Ondokeni alfajiri kabla Mukono haijajaa magari.

Mama_Walukuba
Stendi nimempigia bibi harusi kakubali, afadhali. Alhamisi narudia inchi 10 na ganashi, nitawaletea picha hata ikiwa mbaya. Ila shangazi sasa anataka na fataki juu.

OveniMoto
Fataki ziwekwe kwenye keki isiyo na maua. Na umwambie shangazi aache kuongeza.

Mama_Walukuba
Huyo simwambii mimi 😂