Visponji ndani ya mlango wa gari vina kazi gani? Fundi kasema havina maana

Habari wakuu, naombeni msaada. Kioo cha mlango wa dereva kilikuwa hakipandi, fundi akafungua kava la ndani akabadilisha mota, sasa wakati wa kurudishia nikaona vimebaki chini visponji vitatu vyeusi na kipande kingine kikubwa cheupe kigumu, kumuuliza akasema achana navyo. Nikaviweka kwenye buti. Toka siku hiyo nikipita barabara mbovu mlango unagonga ndani kwa ndani na nikiufunga unalia kama debe. Nivirudishe?

spana13: Virudishe mkuu. Hivyo vyeusi ni vya kuzuia kelele, ndani ya mlango kuna vyuma vyembamba vinatoka kwenye kitasa kwenda kwenye loki na kuna waya, vyote viko karibu na bati, kisponji kinakaa kati visigongane. Tafuta alama za gundi ya zamani, ndo sehemu zake hizo.

dada_wa_giya: Mimi wasiwasi wangu ni hicho cheupe kigumu. Kwenye magari mengi kipande cha hivyo kinakaa usawa wa nyonga au mbavu za aliyekaa, gari ikigongwa ubavuni kinabonyea chenyewe kupunguza nguvu ya pigo kabla halijakufikia. Usikae nacho kwenye buti tafadhali.

mzee_kazi: Kikipotea kimoja usikate sponji ya vyombo kama nilivyofanya mimi, ilinyonya maji mlango ukashika kutu kwa chini. Mvua huwa inapita pembeni ya kioo inaingia mlangoni na kutokea vitundu vya chini, ni kawaida, kwahiyo weka sponji isiyonyonya maji na usizibe hivyo vitundu. Ile nailoni nyuma ya kava nayo ibandike vizuri, ikiachia kapeti linalowa.

spana13: Labda fundi kachanganya na vile vya ukingoni mwa milango ya gari mpya, vile vya kulinda rangi wakati wa kusafirisha, hivyo ndo vya kutoa.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Nimefungua leo, alama za gundi zipo tatu na hicho kigumu kina klipu zake kabisa kwenye kava, usawa wa kiti. Kelele imeisha. Kitundu kimoja cha chini kilikuwa kimeziba kwa tope, nimekizibua maji yakatoka. Kesho nafungua wa nyuma anapokaa mwanangu maana fundi huyohuyo aliwahi kuushika.