Ushauri: Kuzunguka Jamaica kwa mabasi nikiwa na mama mzazi, inawezekana?

NuruMuheza

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni.

Naishi Toronto, huu mwaka wa sita. Mfanyakazi mwenzangu ni Mjamaika, anaolewa kwao Mandeville mwezi wa pili, na kanialika pamoja na mama yangu mzazi ambaye yuko kwangu tangu Septemba. Tiketi nimeshakata: tunashuka Kingston Alhamisi, harusi ni Jumamosi, na tunaondoka Jumapili ya wiki inayofuata kutokea Montego Bay. Viza na chanjo tumemaliza, msinijibu hayo.

Mama ana miaka 64, miguu yake iko vizuri kunishinda mimi. Shida yake ni moja tu: gari dogo kwenye kona. Safari ya Mombo kwenda Lushoto kwake ni adhabu, anashika ndimu puani mpaka Soni. Gari la kukodi nimelipigia hesabu, na dhamana wanayoizuia kwenye kadi imenikatisha tamaa. Isitoshe sijawahi kuendesha milimani.

Nilichopanga ni hiki: Kingston, Mandeville, Treasure Beach, Negril, Montego Bay, Ocho Rios, Port Antonio, halafu kurudi Montego Bay kupanda ndege. Kwa basi tu inawezekana? Na mama atakuwa salama? Naomba mwenye uzoefu anijibu, hii safari nimemwahidi mama muda mrefu na sitaki aikumbuke kwa mateso.

Kigogo_wa_Njia

Dada kodi gari. Jamaica wanaendesha kushoto kama nyumbani na vibao ni vya Kiingereza, hutapotea. Ukitegemea basi utaona stendi tu, maana zile fukwe ndogo na maporomoko viko nje ya njia kuu.

BintiPangani

Nuru, karibu, na mama mpe shikamoo yangu. Nilisoma chuo kikuu pale Mona, Kingston, miaka miwili, na sikuwa na gari hata siku moja. Inawezekana. Ila ratiba yako ina vituo vingi mno, nitakuambia cha kutoa.

Kwanza uelewe kwamba kule "basi" ni vitu vitatu tofauti. Kuna basi kubwa la masafa marefu, Knutsford Express, lililoanza 2006 kwa njia ya Kingston na Montego Bay na sasa linafika miji mingi. Tiketi unakata mtandaoni, mzigo unaingia kwenye buti, mnaondoka saa iliyoandikwa. Hilo ndilo la mama. Halafu kuna Kosta, Toyota Coaster ile ile unayoijua, ina konda mlangoni anayeita abiria na haiondoki mpaka ijae. Tatu ni teksi za njia: gari dogo linalokwenda barabara moja kwenda na kurudi, mnapanda watu msiojuana, kila mtu analipa kiti chake. Angalia namba ya gari. Leseni ya abiria ni kibao chekundu. Kama si chekundu usipande, hata kama dereva ni mpole namna gani. Na gari likiwa tupu mwambie kabla hujakaa kwamba unataka kwenda kwa njia ya kawaida, la sivyo atahesabu umelikodi lote.

Sasa njia yako. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita kama 235 na ni kidogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, ndiyo maana watu hudanganyika na ramani. Katikati ni milima mitupu. Kutoka Kingston kwenda Mandeville usiwe na wasiwasi, barabara kuu ya kulipia ilisogezwa kutoka May Pen hadi Williamsfield mwaka 2023 na Williamsfield ni chini tu ya Mandeville. Mama atasinzia. Kitu kimoja mtakikosa: barabara ya zamani inapita Melrose Hill, ambako wanachoma viazi vikuu pembeni ya barabara na kuuza na samaki wa chumvi. Kama wenyeji wako wa harusi wana gari, waombe mpite hapo, hata kwa nusu saa.

Kutoka Kingston kwenda Ocho Rios pia kuna barabara mpya, ilifunguliwa 2016, inakata mlima moja kwa moja. Zamani tulikuwa tunapita bonde la Bog Walk na lile daraja la Flat Bridge la gari moja moja, kisha Mount Diablo, na hapo ndipo watu walikuwa wakiomba mifuko. Sasa hayo hayapo kwa wanaopanda basi kubwa.

Tatizo lako liko Port Antonio. Kosta nyingi za kutoka Kingston zinakata milima kupitia Castleton mpaka Annotto Bay. Pazuri sana, mto uko chini yenu, mianzi imeinamia barabara, lakini kona hazihesabiki. Kwa mama yako nisingepita huko. Pita njia ya pwani kupitia Morant Bay. Ni ndefu zaidi, utabadilisha gari Morant Bay, lakini upande wa Kingston barabara imepanuliwa na bahari iko kuliani kwenu sehemu kubwa ya safari. Morant Bay yenyewe ndipo Paul Bogle alipoongoza watu kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1865 na mahakama ikachomwa moto. Kama gari la pili linachelewa kujaa, tembeeni hadi hapo uwanjani.

Ningekuwa mimi ningetoa Negril na Treasure Beach kabisa. Harusi, kisha mrudi Kingston, Port Antonio siku mbili, Ocho Rios siku mbili tatu, mmalizie Montego Bay. Mnasogea upande mmoja tu, hamrudi nyuma ila mara moja.

Kaskazi_Mvita

Nakubaliana na Binti hapo juu. Mimi ni wa Mombasa, nilienda mwaka juzi peke yangu na nikazunguka kwa matatu zao siku kumi na moja.

Nuru, hilo basi kubwa ukiambiwa saa tatu ni saa tatu. Sitataja kampuni wala stesheni, lakini nilifika dakika chache baada ya saa, nikaliona basi linageuka kwenye lango na mimi niko na begi mkononi. Tiketi ikaenda hivyo. Siku hiyo nilikaa na hasira mpaka jioni. Nusu saa kabla uwe umeketi pale.

Kwenye Kosta zingatia salamu. Ukiingia sema "good morning" kwa wote, hata kama hakuna anayekutazama, na utasikia gari zima likikujibu. Asiyesalimu wanamuona hana malezi, sawa na kwetu. Wakikwambia "small up yourself" wanakuomba usogee, kiti cha watu watatu kitabeba wanne. Kushuka hakuna kengele: unaita kwa sauti "one stop, driver!", vile sisi husema shukisha hapo dere. Mara ya kwanza niliita kwa sauti ndogo nikapitishwa karibu kilomita nzima.

Pesa: noti ya dola 5,000 ya Jamaica ni kubwa, makanga hatakuwa na chenji asubuhi. Ivunje dukani ukiwa mjini, ubaki na za 100 na 500.

Kigogo_wa_Njia

Sawa, kwa njia hiyo ya Binti nabadilisha mawazo. Nilikuwa nafikiria ule mzunguko mzima. Ila Kosta na mama wa miaka 64 mchana wa saa nane? Wanafunzi wakitoka shule hamtapata nafasi.

BintiPangani

Hilo ni kweli kabisa, nimesahau kulisema. Mchana kuanzia shule zinapofungwa stendi zinajaa vijana wa kaki na mabegi mgongoni. Sogeza safari zako zote za Kosta ziwe asubuhi, saa mbili au saa tatu. Na Jumapili usiweke safari ya magari madogo, yanakuwa machache na yanachukua muda kujaa.

Tabibu_Ukonga

Dada Nuru, mimi ni muuguzi, nizungumzie kichefuchefu. Mama akae mbele, siti ya kwanza au ya pili, atazame barabara mbele na asitazame dirisha la pembeni. Asipande na tumbo tupu, ale kidogo kikavu. Tangawizi kule inalimwa, atapata kila soko, atafune kipande. Kama anatumia dawa ya presha au sukari usimpe kidonge cha safari bila kumuuliza daktari wake. Na achukue sweta, mabasi makubwa ya kule yana kiyoyozi kikali. Kanga mbili hazitoshi.

NuruMuheza

Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote, amecheka hapo kwa ndimu za Soni.

Treasure Beach ndiyo inaniuma kuiacha, kwa sababu huyu rafiki yangu anayeolewa, ndiko bibi yake alikozaliwa. Hakuna namna?

Kaskazi_Mvita

Kwa basi kubwa hufiki, utashuka njiani na kutafuta teksi. Halafu kutoka Mandeville kuelekea huko mnashuka Spur Tree Hill, na ile ni miteremko ya kona ambayo mama hataipenda.

Lakini si hilo tu. Kimbunga Melissa kilipoingia tarehe 28 Oktoba 2025 kilitua upande huo wa kusini magharibi, kikiwa daraja la tano. Mji wa Black River uliharibiwa vibaya sana. Watu wa huko wanahitaji wageni warudi, na mimi ningependa mwende, lakini uliza kwanza kwa mwenye nyumba ya kulala wageni mwenyewe, umuulize maji, umeme na barabara vikoje wiki hiyo. Rafiki yako ana ndugu pale, muulize yeye kabla ya kusoma popote.

NuruMuheza

Nimemuuliza. Amesema bibi ataletwa Mandeville kwenye harusi, kwa hiyo tutamuona huko huko. Treasure Beach naiacha kwa safari nyingine.

BintiPangani

Vizuri. Ombi moja kwako: ukiwa Ocho Rios, panda teksi ya njia mpaka St Ann's Bay, si mbali. Ndipo alipozaliwa Marcus Garvey, yule mpigania haki za watu weusi, mwaka 1887, na sanamu yake iko mbele ya maktaba ya mji. Basi kubwa halitakuonyesha, linapita nje ya mji. Mimi nilipita njia ile mara sijui ngapi kwa miaka miwili na sikuwahi kushuka, na mpaka leo najilaumu.

NuruMuheza

MREJESHO

Wapendwa, tumerudi jana usiku. Nilisema nitaleta mrejesho na huu hapa.

Harusi ilikuwa nzuri kupita maelezo. Mandeville ni baridi, iko juu kama mita 600, mama alisema ni kama kule Amani kwetu Muheza. Bibi wa Treasure Beach alikaa naye mezani saa tatu nzima, hawana lugha moja, wameshikana mikono.

Basi la kurudi Kingston liliondoka kwa dakika yake. Sweta ilifanya kazi, Tabibu ubarikiwe.

Njia ya Morant Bay tumeifuata kama Binti alivyosema. Gari la kwanza lilikuwa tulivu. La pili, kutoka Morant Bay kwenda Port Antonio, lilichukua karibu saa nzima kujaa, na hapo nilianza kujuta. Lakini konda alimhamisha kijana mmoja akampa mama kiti cha mbele bila sisi kuomba, akamwita "Mummy". Mama hakuchefuka hata kidogo. Kona zipo, ila dereva alikuwa anakwenda taratibu.

Kutoka Port Antonio kwenda Ocho Rios tulibadilisha Annotto Bay na Port Maria. Hapo Port Maria ndipo safari yangu ilipopata maana. Karibu na magari kulikuwa na mwanamama anachoma kitu juu ya mkaa, duara, kimekuwa cheusi tii kama jiwe la jikoni. Mama akasimama, akanivuta mkono. "Nuru, hili si shelisheli?" Nikamuuliza muuzaji, naye akajibu "breadfruit". Akalitoa motoni kwa mikono mitupu, akalibandua ganda jeusi kwa kisu kidogo, mvuke ukatoka, ndani rangi ya siagi. Mama akala akiwa amesimama, akafumba macho. Akasema babu yangu alikuwa na mti wake nyuma ya nyumba, ulikatwa kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa sijui kabisa kuhusu mti huo. Gari la kwanza likajaa na kuondoka bila sisi, hatukujali.

Kosa langu moja: basi la Ocho Rios kwenda Montego Bay sikulikata mapema. Nilipoingia mtandaoni Ijumaa asubuhi, viti vya Jumamosi vilikuwa vimekwisha. Ikabidi tuondoke Ijumaa hiyo hiyo jioni, tukapoteza siku moja ya Ocho Rios ambayo tulikuwa tumeshailipia chumba. Mkienda wikiendi, kateni siku nne tano kabla.

Binti, St Ann's Bay tulikwenda Ijumaa hiyo asubuhi, kwa teksi yenye kibao chekundu, watu wanne nyuma na mama mbele. Garvey amesimama pale mbele ya maktaba. Nilimweleza mama alikuwa nani na aliwaambia nini watu wake kuhusu Afrika. Akaniuliza kama aliwahi kufika kwetu. Nikamwambia hapana, hakuwahi kukanyaga Afrika. Mama akakaa kwenye kivuli, akavua viatu, akasema tusiwe na haraka ya kurudi, magari yatakuja.