Natafuta chakula cha Kimeksiko cha kweli Dodoma, mgeni wangu anafika Agosti

MwalimuNgongona:
Wana Dodoma, habari za jioni. Naomba msaada, na naomba anayejibu awe amekula kwa mdomo wake, asiwe amesimuliwa.

Mimi ni mwalimu msaidizi UDOM, nimepanga Ng'ong'ona. Shahada ya pili nilisomea East Lansing, jimbo la Michigan, Marekani. Mji wenyewe ni wa chuo: Michigan State wakifunga, hata mabasi yanatembea matupu. Nilikaa nyumba moja na binti wa Jalisco, Meksiko. Wiki ya kwanza nikamwambia leo nakupeleka ukale cha kwenu, nikampeleka mgahawa unaotazamana na chuo, foleni ya wanafunzi hadi nje. Akachungulia jikoni, akanishika mkono, tukatoka. Tukapanda basi mpaka Lansing, upande wa kaskazini, kwenye duka la vyakula lenye meza nne kwa nyuma. Familia nyingi za Kimeksiko zilifika Michigan kwa kazi ya mashamba ya bitiruti za sukari na viwanda vya magari, na pale ndipo baadhi yao walipokuwa wanakula. Kabla sijaona chochote nikasikia: pa, pa, pa. Mama anapigapiga donge la unga viganjani.

Yule binti alinifundisha namna ya kutafuta. Usiangalie jina la mgahawa wala kofia kubwa zilizotundikwa ukutani. Uliza kama tortila, yaani chapati zao nyembamba, ni za mahindi na kama zimetengenezwa leo. Tazama salsa, yaani mchuzi wao wa nyanya na pilipili: ikimiminwa kutoka kwenye chupa ya dukani, aga uende. Kisha soma kibao cha Jumamosi na Jumapili. Ukikuta menudo, yaani supu ya utumbo, au pozole, au birria ya mbuzi, vuta kiti, maana wenye chakula chao wanakuja hapo na watoto wakitoka kanisani. Miaka miwili nilikula hivyo na sikujuta hata siku moja.

Sasa anakuja kunitembelea. Atashuka Dar, atapanda treni ya SGR, atakaa kwangu siku kumi. Na sisi mji wetu ni wa vyuo, tuna UDOM, St. John's, CBE, Mipango, kwa hiyo nikadhani sitakosa. Nimeshazunguka sehemu tatu. Ya kwanza nililetewa chapati iliyokunjwa, ndani nyama ya kusaga, kechapu na mayonesi, shilingi 15,000. Ya pili ni krispi za pakiti zilizomwagiwa jibini. Ya tatu, kijana aliniambia ukweli kwamba tortila zao huja zimegandishwa kutoka Dar na zimekwisha tangu wiki iliyopita. Huyo nilimshukuru sana.

Siidharau chapati. Kaskazini ya Meksiko, Sonora kwa mfano, tortila za ngano ndizo zao, na burrito, yaani tortila ya ngano iliyoviringishwa na nyama ndani, imetoka huko kaskazini. Lakini huyu ni mtu wa Jalisco, na kwangu alipika mahindi. Kuna mtu anajua sehemu? Kisasa, Area D, Makulu, hata Mtumba nitafika. Kama hakuna, niambieni wazi nijipange.

BajajiMakulu:
Mwalimu, shikamoo. Mimi nashusha wageni mahotelini karibu yote ya mji huu, wa Bunge na wa semina. Taco nimesikia wakizitaja, ila hakuna aliyerudi kwenye bajaji akazisifu. Kwa uaminifu wangu, sehemu ya kupeleka mtu wa Meksiko akasema nipo nyumbani, hapa Dodoma sijaiona.

Ila hiyo kanuni ya rafiki yako naielewa vizuri. Ndiyo tunayotumia sisi. Mgeni akiniuliza nyama nzuri iko wapi, simpeleki kwenye taa za rangi. Jumamosi nampeleka mnada wa Msalato, kule wanakokula waliouza na walionunua ng'ombe.

MamaLisheMajengo:
Mwanangu mwalimu, mimi sijavuka hata Chalinze, lakini mahindi nayajua. Hiyo tortila ni unga wa sembe au wa dona? Unakandwa kwa maji ya moto kama ugali mgumu? Nieleze, maana kama ni mahindi tu tunashindwaje sisi?

MwalimuNgongona:
Mama, shikamoo. Ndicho nilichodhani na mimi. Jana usiku nilijaribu kwa sembe. Nikakanda kwa maji ya moto, nikasukuma. Ilipasuka pembeni kama udongo wa Dodoma mwezi wa Oktoba, na ile iliyofika kwenye kikaango ilitoka na ladha ya ugali ulioungua. Harufu niliyoizoea haikuwepo kabisa. Mwenzangu kule alikuwa analoweka mahindi usiku na kitu cheupe, nami nilikuwa nalala mapema kwa sababu ya mitihani. Leo najilaumu sikukaa naye jikoni.

MpishiMstaafu:
Hicho cheupe ni chokaa, mwalimu. Nilipika hotelini Arusha miaka kumi na minne, na mwaka mmoja tulikuwa na mpishi mkuu aliyefanya kazi Puebla, Meksiko. Alinifundisha hivi.

Mahindi hayaendi mashineni yakiwa makavu. Unachukua kilo moja ya mahindi meupe makavu, maji lita tatu hivi, na chokaa gramu kumi, yaani kama vijiko viwili vidogo vya chai vilivyojaa. Unachemsha kwa moto mdogo kama dakika arobaini, unaepua, unafunika, unaacha mpaka asubuhi. Mahindi meupe yatageuka ya manjano kidogo, usishtuke. Asubuhi ganda linavuka kwa kusugua na vidole. Unaosha mara tatu au nne, ndipo unasaga yakiwa yameloa hivyo hivyo. Kwao hayo mahindi yanaitwa nixtamal, na donge lake masa. Chokaa ndiyo inayolifanya donge lishikane, na ile harufu unayoililia inatoka hapo.

Na hii si mapambo ya mapishi. Mahindi yametoka Meksiko, watu wa kule waliyafuga kutoka kwenye nyasi ya porini miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Yalipotawanyika duniani, mbegu ilisafiri na chokaa ikabaki. Ndani ya mahindi kuna vitamini ya niasini ambayo mwili hauipati vizuri mpaka yapikwe na chokaa au maji ya majivu. Wazungu waliogeuza mahindi kuwa chakula chao cha kila siku bila kujua hilo walipata ugonjwa wa pelagra, ngozi inababuka na akili inavurugika. Mimi nilikula ugali miaka hamsini kabla sijaambiwa habari hii, na niliposikia nilikaa chini.

Sasa sikiliza vizuri: usinunue chokaa ya kupaka ukuta. Hiyo si ya kula. Tafuta chokaa ya tambuu kwenye maduka ya viungo, uliza Uhindini. Na magadi ya kuivishia maharage usiyaweke badala yake. Magadi si chokaa.

MamaLisheMajengo:
Nimekuelewa, baba. Kumbe ni kukoboa, ila sisi tunakoboa kwa mchi na wao kwa chokaa! Na hiyo pozole aliyoitaja mwalimu ni nini?

MpishiMstaafu:
Mama, pozole ukiiona utasema ni makande. Mahindi hayo hayo yaliyovuliwa ganda kwa chokaa, yanachemshwa mpaka yapasuke kama maua, pamoja na nyama, mara nyingi ya nguruwe, na pilipili. Maharage hayamo. Juu yake wanaweka kabichi iliyokatwa nyembamba, kitunguu na ndimu.

BabuMvumi:
Wajukuu, nimesoma yote. Swali langu ni moja. Mtu anasafiri kutoka Meksiko, anavuka bahari, anafika Ugogoni, halafu mnampikia cha kwao? Mpeni ugali wa uwele na mlenda. Mpeni zabibu. Cha kwao atakila akirudi.

MwalimuNgongona:
Babu, shikamoo, na maneno yako nayaheshimu. Uwele na mlenda atakula, nimeshaagiza mlenda mkavu kwa mama mkwe. Lakini ngoja nikueleze kwa nini nang'ang'ana. Desemba ya mwaka wangu wa kwanza kule, theluji imefika magotini, nilipata habari ya msiba wa kaka yangu na sikuweza kurudi kuzika. Siku ya tatu yule binti alitafuta kwenye simu namna ya kupika ugali. Akapika kwa unga wake wa tortila, mlaini mno, na mchicha wa kopo. Haukuwa ugali, lakini nilikula nikamaliza. Ndiyo maana nataka akae mezani kwangu, hata mara moja, ale cha mama yake. Sitaki ajikaze kwa adabu kama nilivyojikaza mimi.

BabuMvumi:
Hapo umenifunga mdomo, mjukuu. Pika. Mbuzi nitatoa mimi.

MpishiMstaafu:
Mzee akitoa mbuzi, basi jambo limekwisha, kwa sababu birria ni ya Jalisco na asili yake ni mbuzi. Viungo vyake unavyo kwenye kabati la pilau: bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, pilipili manga, vitunguu saumu, na siki kidogo. Unachokosa ni pilipili zao kavu, zile kubwa nyekundu zisizo kali sana. Fanya hivi: nunua hoho nyekundu zilizoiva, zipasue, toa mbegu, anika. Jua la Dodoma la Julai halina mpinzani, siku nne au tano zinakuwa kama ngozi. Kabla ya kusaga zipitishe kwenye kikaango kikavu sekunde chache tu, zikiungua zinakuwa chungu. Ongeza pilipili kichaa kavu moja au mbili za ukali. Mpake mbuzi, alale nazo usiku, kisha mpike moto mdogo, sufuria imefunikwa, masaa manne. Mchuzi usiumwage hata tone. Unanywewa kwenye kikombe pembeni, na tortila inachovywa humo.

BajajiMakulu:
Na kinywaji mmesahau. Nilimbeba mgeni mmoja aliyewahi kuishi Meksiko, nikamsimamisha anywe juisi ya rozela barabarani. Akasema kule inauzwa kila kona, wanaiita jamaica. Na ukwaju vilevile wanakunywa. Vyote hapa ni vya kwetu.

MwalimuNgongona:
Wapendwa, wiki mbili zimepita, narudi na taarifa.

Chokaa ya tambuu nilipata duka la tatu, kikopo kidogo. Ni laini ya maji, kwa hiyo nilikadiria kwa kijiko. Mahindi ni ya Kibaigwa, nilichagua mwenyewe yasiyotobolewa. Nilianza na nusu kilo. Usiku nilipofunua sufuria, kabla hata sijaonja, harufu ikanipiga nikalazimika kukaa kwenye kiti. Ilikuwa ile ile ya kule nyuma ya duka.

Kusaga ndiko kulikonitesa. Mwenye mashine ya nafaka alikataa, na ana haki, mahindi yaliyoloa yangemwozea kwenye mawe. Blenda ilitaka maji mengi, donge likawa uji. Mwisho nilitwanga kwenye kinu cha jirani, kisha nikapitisha mara tatu kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama. Bado lilikuwa na chengachenga. Nikakandamiza kwa nailoni mbili na sufuria nzito, tortila saizi ya kisosi. Za mwanzo zilipasuka pembeni, nikaongeza maji kidogo kidogo. Ya saba ikavimba kikaangoni kama chapati ya maji inavyotaka kuinuka, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimepata ishirini na sita. Watoto wa jirani walikula kumi na moja na chumvi tu.

Hoho ziko juu ya bati, leo ni siku ya tatu. Parachichi nitanunua Sabasaba siku mbili kabla ili ziive nyumbani. Kotimiri na ndimu hazina shida. Salsa nimeshafanya jaribio: nyanya, kitunguu na pilipili nilivichoma mpaka ganda likawa jeusi, nikasaga kwenye kinu. Hiyo peke yake inatosha kumfukuza mtu mwenye kechapu.

MamaLisheMajengo:
Hizo chengachenga ni za mchi mwepesi, mwanangu. Wangu ni wa mninga, aliuacha marehemu mama yangu. Nilete lini?

MwalimuNgongona:
Mama, usihangaike kuubeba. Mgeni anafika Alhamisi ya tarehe nane. Ijumaa jioni nachemsha kilo mbili, Jumamosi saa moja asubuhi tunakuja naye kwako Majengo na ndoo yetu. Anajua kupigapiga kwa viganja, mimi bado. BajajiMakulu, utupitie saa kumi na mbili na nusu.